Ofisi ya gavana inahudumia nini hasa, na mlango wake ni upi?

Mama Chapo wa Stendi

Hamjambo wanajamvi. Naomba mnieleweshe, maana nimezungushwa mpaka kichwa kinauma.

Nina kihoteli kando ya stendi, mji mdogo huku Pwani ya Kenya, kaunti sitaitaja. Napika chai, chapati, maharagwe ya nazi, na siku ya gulio naongeza samaki wa kupaka. Mbele ya mlango wangu kuna mtaro wa maji ya mvua. Umeziba tangu masika: mchanga, karatasi za miraa, makuti, chupa za maji, hadi kandambili ya mtoto. Ikinyesha, maji yanapanda barazani na wateja wanakula wamekunja miguu juu ya benchi. Sasa afisa wa afya amepita, amechungulia, ameandika kwenye daftari lake kwamba mazingira yangu ni machafu na kwamba atanifungia. Nikamwuliza, mwanangu, huu mtaro niliuchimba mimi? Akaniambia hayo mambo nimpelekee gavana.

Nikaenda kwa gavana. Askari wa getini akataka kujua nimealikwa na nani. Sijaalikwa. Basi andika barua. Nimwandikie nani? Hakujua. Nikaenda kwa chifu, maana chifu ndiye ninayemfahamu, akasema hilo si lake, ni la kaunti. Nikaenda ofisi ya kaunti ndogo, ile yenye bendera na mapolisi, wakaniambia hapa si kaunti. Nikawauliza, sasa kaunti ndogo si kaunti? Wakacheka.

Na mimi sina hili moja tu. Mjukuu hana cheti cha kuzaliwa. Mamangu ametimiza miaka sabini na hapati zile pesa za wazee. Kijana wangu anataka kwenda kusomea ufundi wa magari na ada sina. Leseni yangu nalipa kila mwaka. Nataka kujua, hao tuliowachagua, ofisi yao inatoa huduma gani? Na nikienda, niingilie wapi?

Boda Mtanashati

Mama piga picha ya hao wateja wamekunja miguu, weka Facebook, mtag gavana na wapinzani wake wote. Kesho utaona tingatinga.

Mama Chapo wa Stendi

Nikiweka picha ya maji machafu kwenye hoteli yangu mwenyewe, kesho nani atakuja kula?

Karani Mstaafu

Mama, pole sana. Boda, wewe acha mambo yako.

Mimi nilikaa masjala miaka mingi. Tulianza kwenye baraza la mji, na kaunti zilipoanza 2013 tukahamishiwa huko sisi na makabati yetu. Barua za watu kama wewe nimezipokea, nimezipiga mhuri, nimeziona zinakotokea na zinakofia. Kwa hiyo nitajibu kirefu, wenye haraka wapite.

Nchi hii ina serikali mbili zinazoishi mtaa mmoja. Chifu, naibu wa chifu, naibu kamishna (wazee bado wanamwita DC), polisi, hao ni wa serikali ya kitaifa, hawamhusu gavana hata kidogo. Ndiyo maana walicheka ulipowauliza, ingawa kukucheka ni utovu wa adabu, walitakiwa wakuelekeze. Ofisi ya kaunti ndogo iliyo ya gavana ni nyingine, mara nyingi iko pale mnapolipia leseni, na haina bendera kubwa. Ndani yake kuna msimamizi wa kaunti ndogo. Chini yake yuko msimamizi wa wadi, ambaye wengi hawajawahi kumsikia, na huyo ndiye mtu wako. Amewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kazi yake ni kusimamia huduma za kaunti ndani ya wadi. Usimchanganye na mwakilishi wa wadi, MCA. MCA mmempigia kura, yeye hutunga sheria na kuibana serikali. Msimamizi wa wadi ameajiriwa, ana mshahara na ana bosi wa kumshtakia.

Sasa mambo yako moja baada ya jingine, na yale yasiyo ya gavana niyaondoe mapema yasikupotezee nauli.

Cheti cha kuzaliwa si kaunti. Hiyo ni idara ya usajili ya serikali ya kitaifa, nenda Huduma Centre au ofisi yao ya usajili. Kama mtoto alizaliwa nyumbani, anza kwa naibu wa chifu akuandikie taarifa ya kuzaliwa. Pesa za wazee, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, nazo ni za kitaifa. Mwulize chifu ni lini wanaandikisha, mamako awe na kitambulisho. Kwa hayo mawili chifu hana pa kukwepea.

Ufundi wa magari, inategemea chuo. Vile vyuo vidogo vya ufundi tulivyoviita polytechnic za kijiji ni vya kaunti, na ada yake huwa nafuu. Zile taasisi kubwa za kiufundi ni za kitaifa. Basari, yaani msaada wa ada, nitawaachia wengine, ni mgogoro mrefu.

Mtaro. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Fungua Katiba ya 2010, mwisho kabisa kuna Jedwali la Nne. Sehemu ya pili imeorodhesha kazi 14 za kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, magari ya wagonjwa, kilimo na mifugo, masoko, leseni za biashara, chekechea, taka, makaburi, zimamoto, maji na kadhalika. Kwenye kazi za ujenzi wa kaunti imeandikwa bayana, mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Huo ndio mtaro wako. Na afisa wa afya anayetaka kukufungia kwa sababu ya huo mtaro, naye ameajiriwa na kaunti hiyohiyo. Yaani gavana anakutishia kwa mkono wa kushoto kwa kazi ambayo mkono wake wa kulia haujaifanya. Weka hilo akilini, tutalitumia.

Jambo moja la kuhakikisha kabla hujaandika: hiyo barabara ya stendi ni ya nani? Barabara zenye herufi A, B na C ni za kitaifa, kuanzia D kushuka ni za kaunti. Kama mtaro wako uko kando ya barabara kuu ya lami iendayo mji mwingine, huenda ni wa mamlaka ya barabara, na kaunti watakurudisha kwa furaha. Mwulize fundi yeyote wa kaunti, watakwambia bila barua.

Halafu kuna siri ambayo hakuna atakayekwambia pale dirishani. Kuzibua mtaro na kujenga mtaro ni vitu viwili mbele ya serikali. Kuzibua ni matengenezo, pesa zake ziko kwenye matumizi ya kawaida, vibarua wenye makoleo na toroli wanatosha, mkuu wa idara anaweza kuwatuma wiki hii akitaka. Kujenga ni mradi. Mradi usioandikwa kwenye mpango wa mwaka hauna pesa, hata gavana akija mwenyewe akapiga picha na kofia ya plastiki kichwani. Mpango huo kisheria unafikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti yanafuata ifikapo 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Sasa wewe ukiandika barua moja unasema "tunaomba mtaro wetu uzibuliwe, upanuliwe na ujengwe kwa saruji", karani ataisoma, ataona neno kujenga, ataipeleka mipango, na huko italala mpaka Septemba. Nimeyaona hayo sana. Watu wanaomba makubwa wakidhani ukiomba makubwa utapewa nusu. Hupewi nusu. Faili linahamia ofisi nyingine tu.

Andika barua mbili. Ya kwanza kuzibua tu, ipeleke sasa. Ya pili kujenga, ipeleke kwa msimamizi wa wadi kabla ya Agosti kuisha, na mikutano ya maoni ya wananchi ikitangazwa uende uisimamie barua hiyo mwenyewe. Hiyo mikutano watu wanaifuata kwa soda, wakitoka hawajui hata kilichoandikwa. Wewe nenda uhakikishe umesikia jina la stendi yenu likisomwa.

Mwalimu wa Chekechea

Karani umesema kweli. Nami niongeze, wengi hawajui kwamba sisi walimu wa chekechea tunaajiriwa na kaunti. Darasa la kwanza kwenda juu wako kwa TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Kwa hiyo paa la darasa langu likivuja mzazi anakwenda kumlaumu mbunge, na mbunge anamwitikia kwa upole wote akijua si kazi yake.

Kuhusu basari: kuna za mbunge kupitia NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na kuna za kaunti zinazogawiwa kwa wadi. Hizi za kaunti zimekuwa na maneno kwa sababu shule za sekondari na vyuo vikuu si kazi ya kaunti kikatiba. Mwanzoni mwa 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitoa waraka wa kuzisimamisha mpaka kuwe na makubaliano na serikali ya kitaifa, na mambo yakafika mahakamani. Mama, usingoje wamalize kuvutana. Chukua fomu zote mbili. Na kijana akienda chuo cha ufundi cha kaunti yenyewe, hapo yuko ndani ya kazi yao wenyewe, hakuna wa kumpinga.

Mkulima wa Wote

Mimi niko Makueni. Huku kwetu tulizoea mapema kwamba kaunti ni kitu cha kuulizwa. 2016 tulipoanza mpango wa matibabu, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa hospitali za kaunti, na watu wakaelewa kwamba ile hospitali ni ya gavana, si ya Nairobi. Miradi nayo ina kamati ya wananchi wa hapohapo, na kamati isiporidhika mkandarasi anapata taabu kulipwa. Nakumbuka mzee mmoja wa kamati kwetu alipima kina cha msingi wa zahanati kwa fimbo yake ya kutembelea. Alitia alama kwa kisu pale ambapo mchoro unasema, akaitumbukiza fimbo shimoni mbele ya mkandarasi. Alama ikabaki juu. Wakachimba tena.

Mama Chapo, ulizia kama wadi yenu ina kamati ya namna hiyo. Zikiwapo huwa hazitangazwi.

Boda Mtanashati

Hiyo fimbo naitaka kwa barabara ya kwetu.

Mama Chapo wa Stendi

Ahsanteni jamani, Mungu awazidishie. Barabara nimeuliza, ni ya kaunti, ile ya lami inapita upande wa pili kabisa. Karani, hiyo barua namwandikia nani? Mimi niliishia darasa la saba, naandika lakini barua za serikali sijazizoea. Na huyu wa afya nimfanyeje wakati nangoja? Nikifungiwa wiki moja tu nimekwisha.

Tena kuna kijana huja na daftari la risiti anasema ni kanjo, yaani askari wa kaunti, anataka mia mia za usafi. Je, hizo ndizo za kuzibulia mtaro?

Karani Mstaafu

Bibiye, darasa la saba la zamani lilikuwa na insha kali kuliko hawa wenye digrii. Andika hivi, kwa mkono wako, karatasi moja, upande mmoja:

*Kwa Msimamizi wa Wadi ya …*

*KUH: KUZIBULIWA KWA MTARO WA MAJI YA MVUA KARIBU NA STENDI*

*Mimi ni mfanyabiashara wa hoteli hapa stendi, mwenye leseni ya kaunti namba … Mtaro wa maji ya mvua kuanzia … hadi … umeziba kwa mchanga na takataka. Mvua ikinyesha maji huingia katika vibanda vya biashara na kuleta uchafu mahali pa kuuzia chakula. Tarehe … afisa wa afya ya umma alikagua eneo hili akaona hali hiyo.*

*Naomba idara inayohusika itume vibarua kuuzibua. Nimeambatisha picha mbili na sahihi za wafanyabiashara jirani.*

*Nakala: Afisa wa Afya ya Umma, kaunti ndogo, Mwakilishi wa Wadi.*

Basi. Usitie "kwa heshima na taadhima kuu" na mistari ya kumsifu gavana, hiyo inakula nafasi na hakuna anayeisoma. Hizo "kuanzia … hadi …" zijaze kwa vitu vinavyoonekana: kuanzia duka la mbolea hadi mwembe wa msikiti. Kibarua ajue pa kusimama. Kama mji wenu umepewa hadhi ya manispaa basi kuna meneja wa manispaa, naye mpe nakala, kwa kuwa usafi wa mji uko kwake.

Ona nilipomtaja afisa wa afya. Ukishamwandikia kwamba yeye mwenyewe aliuona mtaro, hawezi tena kukuandikia wewe peke yako. Akija, mpe nakala yenye mhuri, msalimie vizuri, mpe chai kama ni saa ya chai na umtoze. Usibishane naye mlangoni. Ila hakikisha yaliyo yako hayana doa: leseni imebandikwa ukutani, pipa lina kifuniko, na wewe na wasaidizi wako mna vyeti vya afya ambavyo havijapitwa na wakati. Vile hupimwa kila baada ya miezi 6, na hapo ndipo wengi wanaposhikwa, wanadhani ni vya mwaka kama leseni.

Kwenye kupeleka barua, chukua nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili wanaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, tarehe na sahihi ya aliyepokea, unarudi nayo. Asiyetaka kugonga mhuri mwombe aandike jina lake tu juu ya karatasi yako. Wengi wakiombwa jina wanaukumbuka mhuri ulipo. Mhuri haulipiwi, mtu asikudanganye.

Wakinyamaza, ile sheria ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa serikali ya kaunti na wao wanatakiwa wakujibu upesi. Unaweza pia kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, huko MCA ana kazi ya kufanya hatimaye. Na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: uliza kwa maandishi ni lini mtaro ule ulizibuliwa mara ya mwisho na pesa zilizotengwa ni ngapi, wana siku 21 za kukujibu. Wasipojibu kuna Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Mara nyingi hutafika huko. Swali la pesa zilizotengwa ni ngapi huwaamsha watu mapema.

Gavana mwenyewe mwachie mwisho. Barua iliyoanzia kwake, msaidizi wake anaiandikia juu "shughulikia" na kuishusha ngazi zilezile: katibu wa kaunti, waziri wa idara, afisa mkuu, kaunti ndogo, wadi. Itakuja kuangukia meza ya msimamizi wa wadi baada ya kuzunguka kote huko, naye atakuchukia kidogo kwa kuwa ulimruka.

Kijana wa daftari, usimpe hata shilingi kumi. Ada zote za kaunti zimo kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ina jedwali, unaruhusiwa kuliona. Malipo ya siku hizi yanapitia simu au benki, na risiti ina namba. Mwambie akupe namba ya kulipia, ulipe mbele yake. Utamwona anakumbuka safari.

Mama Chapo wa Stendi

Ha! Nimemwambia hivyo leo asubuhi. Akasema simu yake haina chaji, akaenda kwa muuza mitumba.

Barua nimeandika. Jirani zangu wanane wametia sahihi, wa tisa ameogopa, ana kibanda bila leseni. Ninaye pia anayehusika na ofisi hiyo kwenye WhatsApp, je nikimtumia picha ya barua si inatosha?

Karani Mstaafu

Mtumie, haidhuru. Lakini karatasi ipelekwe. WhatsApp haina masjala, siku akihamishwa ameondoka nayo mfukoni.

Wa tisa mwambie leseni ya kibanda kidogo ni ya daraja la chini, bei yake si hiyo anayoiwazia. Aulize ofisini kabla ya kanjo wa kweli kumfikia.

Mhudumu wa Nyumba Kumi

Samahani nachomekea. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, tunaopita nyumba kwa nyumba. Posho yetu ni 5,000 kwa mwezi, nusu inatoka taifa nusu kaunti, kwa hiyo tunajua uchungu wa kuwa na mabosi wawili. Mama, mwambie mhudumu wa mtaa wako aweke mtaro huo kwenye ripoti yake ya mwezi, hasa kama kuna watoto wanaoharisha hapo karibu. Ripoti zetu zinakwenda zahanati, zinapanda mpaka kwa wakubwa wa huyohuyo afisa wa afya. Barua yako ikitokea chini na ripoti ikitokea pembeni, hawezi kusema hakusikia.

Karani Mstaafu

Hilo sikulijua, ni zuri.

Boda Mtanashati

Wazee, utani kando. Hao vibarua wa kuzibua wanaandikwa wapi? Petroli imepanda, mimi koleo naliweza.

Karani Mstaafu

Kwa msimamizi wa wadi huyohuyo. Beba nakala ya kitambulisho na namba ya simu, fika kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo yuko mitaani. Na usimwambie kwamba ni wewe uliyetaka kumtag gavana.